Somo: Kutoka Dodoma hadi delta ya Rufiji, ukiyafuata maji

Ndugu wanachama, delta ya Rufiji iko wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, nayo ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliyoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Kwetu Dodoma, ambako mto ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, huonekana kama nchi ya mbali. Hata hivyo, maji ya mto Kizigo yanayoingia bwawa la Mtera hujiunga na Ruaha Mkuu, nao Ruaha humwaga katika Rufiji, kwa hiyo mvua ya upande wetu huishia kwenye mikoko ile ile mnayotaka kwenda kuiona.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi.
Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Safari yangu ya kwanza nilifika Nyamisati, bandari ya kuingilia delta, saa nne asubuhi, mwezi ukiwa mpevu, nikaikuta boti imelala ubavu juu ya tope, na nahodha akinywa chai bila haraka yoyote. Tuliondoka saa nane mchana. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu siku hizo hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takribani dakika 50, hata baada ya juma moja, mwezi ukiwa nusu, yanajaa saa nne asubuhi, ingawa wakati huo ni maji mafu yasiyopanda sana. Anayetaka kupenya vijito vyembamba ndani ya mikoko achague bamvua na kuingia mchana maji yanapopanda. Anayetaka ndege awepo asubuhi ya bamvua hiyo hiyo, tope likiwa wazi nao wakila.

Hatua ya pili: chagua msimu.
Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za vumbi huharibika na mto hufurika. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaondoa watu wengi majumbani mwao Rufiji na Kibiti. Mimi hupendelea Oktoba hadi Februari, kwa sababu ndege wahamiaji kutoka kaskazini ya dunia huwa wamekwisha kutua.

Hatua ya tatu: safari yenyewe.
Panda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, kisha nenda Mbagala ukachukue basi la Kibiti. Lala Kibiti, na kesho yake ushuke Nyamisati kwa gari dogo au bodaboda. Nauli ulizeni siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: piga hodi.
Kabla ya kukodi chombo, fika ofisi ya serikali ya kijiji ujitambulishe na ueleze unakokwenda. Wenyeji wengi ni Warufiji na Wandengereko, na wengi wao ni Waislamu, basi mavazi ya heshima na salamu kamili kwa wazee vitakufungulia milango ambayo fedha haifungui.

Hatua ya tano: ndani ya delta.
Mwombe nahodha akutajie miti, maana mgeni huiita yote mikoko. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na kwa muda mrefu umetoa boriti za nyumba za pwani; mchu huchomoza vijiti vya kupumulia kutoka topeni; mkomafi huzaa tunda la mviringo, kubwa na zito; mkandaa hutoa fito, na gome lake hutumika kutia rangi. Msikate hata kijiti, kwa kuwa hiyo ni misitu ya hifadhi na uvunaji wake unahitaji kibali. Pembezoni mwa mashamba ya mpunga mtaona madungu, vibanda virefu vya miti ambamo familia huhamia msimu wa kilimo ili kukaa juu ya maji na kuwafukuza nguruwe pori, ndege na viboko. Sisi pia tunawaamia ndege wa mtama, ila hatuhami na sufuria zetu.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Kondoa: Je, nitaona simba na tembo?
Usiende delta kwa ajili yao. Huko utaona viboko, mamba, kima na ndege wengi wa majini. Simba na tembo watafute juu ya mto, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyotangazwa mwaka 2019.

Swali kutoka Mpwapwa: Sijui kuogelea, na nina watoto wawili.
Kagua jaketi okozi kabla ya kulipa, na ukiambiwa zipo nyumbani, tafuta chombo kingine. Usiwaruhusu watoto kuning'iniza mikono majini, kwani mamba wapo kweli.

Swali kutoka Chamwino: Ile meli ya Wajerumani bado ipo?
Manowari hiyo, Königsberg, ilizamishwa humo deltani Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya kushambuliwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey, zilizoweza kupita kwenye maji mafupi. Masalio yake yamemezwa na tope, basi usimlipe mtu anayekuahidi kuionyesha meli nzima.

Swali kutoka Manyoni: Tunaweza kupiga picha za unyago?
Hapana. Ngoma ya hadharani omba ruhusa kwa wenye shughuli, lakini mambo ya unyago na jando ni ya waliomo, kama yalivyo kwetu Ugogo.

Swali kutoka Bahi: Na papa potwe?
Papa hao wakubwa wako kisiwani Mafia, karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi. Chombo cha kuvukia huanzia Nyamisati hapo hapo. Ulizia saa ya kuondoka jioni iliyotangulia, kwa maana nacho huyasubiri maji.