Kubishana kuhusu black metal: nani halisi, nani anafuata pesa

Mabishano ya black metal, aina kali na ya giza ya muziki wa metal, huanzia mahali pamoja na kuishia hapohapo. Mmoja anasema Dimmu Borgir, bendi ya Norwei, waliiacha black metal mwaka 1997. Wa pili anamjibu kwamba ana wivu tu kwa kuwa bendi zake hazijulikani. Wa tatu anaingia na picha ya kanda ya nakala 50 ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuisikia. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngoma zenyewe ni nyingi: lawama ya "biashara" imebeba mashtaka matano, na kila mtu anajibu lile ambalo mwenzake hakulitoa.

Litenge shtaka kwanza

Kabla hujajibu lolote, mtake anayelaumu achague moja kati ya haya: sauti imesafishwa, bendi imehamia lebo (kampuni ya rekodi) kubwa, imani (ushetani, kuukataa ulimwengu) imegeuzwa maigizo, wasikilizaji wamebadilika, au nia ya wanamuziki ni pesa. Manne ya kwanza yana ushahidi unaoweza kushikwa mkononi au kusikika. La tano halina. Hakuna aliyekuwemo kichwani mwa mpiga gitaa, na mahojiano hayasaidii sana, kwa sababu hakuna bendi inayomwambia mwandishi kwamba ilirekodi albamu ili ilipe kodi ya nyumba. Likiletwa, liweke kando mpaka yale manne yaishe. Mara nyingi halirudi.

Shtaka likishachaguliwa, liandikwe kwa umbo hili: bendi fulani, kati ya mwaka huu na ule, ilibadilisha kitu fulani, na ushahidi ni huu. Asiyeweza kujaza nafasi hizo bado hana hoja. Ana hisia tu. Hisia inaruhusiwa, ila ijulikane kuwa ni hisia.

Tuwajaribu Dimmu Borgir. Stormblåst ilitoka 1996 chini ya Cacophonous, lebo ndogo ya Uingereza, na mashairi yake ni ya Kinorwei. Mwaka uliofuata ilitoka Enthrone Darkness Triumphant: lebo ni Nuclear Blast ya Ujerumani, studio ni Abyss ya Peter Tägtgren kule Uswidi, na mashairi ni ya Kiingereza isipokuwa wimbo mmoja. Hapo kuna mabadiliko matatu ndani ya mwaka mmoja, yote yana tarehe, na yote yanaelekea kwenye soko pana zaidi. Hilo ni shtaka lenye miguu. Lakini tazama kisichoingia: vinanda. Mashabiki wengi husema vinanda ndivyo vilivyowaharibu, ilhali vilikuwamo tangu albamu yao ya kwanza, na Emperor, bendi nyingine ya Norwei, walivijaza tele kwenye In the Nightside Eclipse ya 1994 bila mtu kuwaita wafanyabiashara. Ukimshtaki mtu, mshtaki kwa kosa alilotenda.

"Zamani" iwe na tarehe

Anayesema "black metal ya zamani ilikuwa safi" aulizwe: ya mwaka gani? Kama ni 1982, hao ni Venom wa Newcastle, waliotoa albamu iliyoipa aina hii jina lake, na walikuwa watu wa jukwaa, wa moshi na milipuko. Kama ni 1984, huyo ni mwanamuziki Quorthon na bendi yake Bathory jijini Stockholm. Kwa kawaida msemaji anamaanisha Norwei kati ya 1991 na 1994, basi na aitazame Norwei hiyo ilivyokuwa.

Mwaka 1991 Euronymous, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem, alifungua duka la muziki mjini Oslo, Helvete, na alikuwa na lebo yake, Deathlike Silence. Kitovu cha harakati nzima kilikuwa duka. Januari 1993 Varg Vikernes wa Burzum, mradi wake wa mtu mmoja, alizungumza na gazeti la Bergens Tidende, na Machi mwaka huohuo jarida la Kerrang! la Uingereza likawaweka Wanorwei hao kwenye jalada. Mwaka huo pia Burzum ilitoa Aske, yenye picha ya mabaki ya kanisa la mbao la Fantoft lililoteketezwa Juni 1992, na nakala za kwanza ziliuzwa pamoja na kiberiti cha gesi cha zawadi. Zawadi ya kuvutia wateja! Hakuna kampuni kubwa ya muziki iliyowahi kubuni tangazo baridi kuliko hilo.

Hapa ndipo wengi huteleza upande wa pili na kuhitimisha kwamba kumbe yote yalikuwa biashara. Siyo. Kuuza ni jambo moja. Kubadilisha muziki ili uuzike ni jingine, na ni hili la pili linalofaa kubishaniwa. Kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni kuangalia bendi iligeukia wapi ilipokuwa na njia mbili. Darkthrone, nao wa Norwei, walitoa Soulside Journey mwaka 1991 chini ya Peaceville ya Uingereza: death metal (aina jirani ya metal) iliyopigwa kwa ufundi, iliyorekodiwa Sunlight, Stockholm, studio iliyokuwa na jina kubwa wakati ule. Njia ya pesa ilikuwa wazi mbele yao. Wao wakaleta A Blaze in the Northern Sky mwaka 1992, chafu na baridi, lebo haikufurahia, na hawakurudi nyuma. Ukitaka kumtetea mtu kwa neno "halisi", tafuta tukio la namna hii: alikuwa na cha kupoteza, na alijua.

Sikiliza kwa utaratibu

Shtaka la sauti ndilo linalorudiwa zaidi na kupimwa vibaya zaidi. Sauti chafu ina vyanzo vitatu: umaskini, uamuzi, na nakala mbovu. Lazima uvitenganishe.

Uamuzi unajulikana pale bendi ilipokuwa na uwezo wa kufanya vinginevyo. Transilvanian Hunger ya Darkthrone (1994) ilirekodiwa nyumbani kwa mashine ya kanda yenye njia nne tu za kurekodia, na watu walewale waliokwisha kufanya kazi katika studio kamili. Filosofem ya Burzum, iliyorekodiwa 1993 na kutoka 1996, ilitumia maikrofoni ya hedseti kwa sababu Vikernes aliomba maikrofoni mbaya kuliko zote zilizokuwapo, na gitaa lilipitishwa kwenye amplifaya ya redio ya nyumbani pamoja na pedali za mkwaruzo. Ubaya huo ulitafutwa. Kwa upande mwingine, De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem na hiyo In the Nightside Eclipse zilirekodiwa Grieghallen, ukumbi mkubwa wa matamasha wa Bergen, chini ya mhandisi Pytten. Kwa hiyo hoja ya kwamba studio nzuri huua black metal inaanguka kwa albamu mbili ambazo mlaumu mwenyewe huziabudu.

Mkilinganisha rekodi mbili, fanyeni hivi. Tafuteni toleo la awali la kila moja. Matoleo yaliyosafishwa upya mara nyingi yamepandishwa sauti, na mtakuwa mnamhukumu fundi wa miaka ishirini baadaye. Kisha sawazisheni ukubwa wa sauti. Tofauti ya desibeli moja au mbili inatosha kulifanya sikio lidhani rekodi yenye nguvu zaidi ni bora, au "imepambwa" zaidi. Mkitumia Spotify, kitufe cha kusawazisha sauti kiwe kimewashwa kwa nyimbo zote mbili au kimezimwa kwa zote. Kikiwashwa, shabaha yake ya kawaida ni -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Mkitumia mafaili yenu, shusheni ile kubwa mpaka snea (drumu ndogo yenye mlio mkali) zilingane, na msipandishe ile ndogo.

Sikilizeni dakika tatu za katikati ya wimbo, maana vianzio vya vinanda na upepo hudanganya. Yapo ya kutafuta. Gitaa la besi linasikika, au limezama? Drumu ya mguu inatoa mlio uleule kabisa kila pigo, hata kasi inapobadilika? Kama ndivyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba milio imebadilishwa kwa vifaa vya kielektroniki, na hiyo ni alama ya kweli ya utengenezaji wa kisasa. Gitaa limerekodiwa mara mbili, moja kushoto na moja kulia? Na sauti ya mwimbaji imekaa mbele ya magitaa au nyuma yake? Ikikaa mbele sana, kuna mtu aliyetaka maneno yasikike, na huo ni uamuzi wa kibiashara kuliko vinanda vyote.

Kosa kubwa la zoezi hili ni kuhukumu nakala badala ya rekodi. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukatwa kuanzia takriban kHz 16, na matoazi yake hugeuka kuwa mlio wa majimaji unaoyumba. Huo si "ukali wa msituni". Ni mbano wa faili. Kanda iliyonakiliwa mara nyingi husikika tofauti: mvumo wa "shhh" usiobadilika, na sauti za juu zimefifia kama zimefunikwa. Ukisikia majimaji, acha kuhukumu na utafute nakala nyingine.

Hadithi za studio nazo zipimwe. Ulver, bendi ya Norwei, walipotoa Nattens Madrigal mwaka 1997 kupitia Century Media, ulienea uvumi kwamba walitumia fedha za lebo kununua suti na gari, kisha wakarekodi porini. Bendi yenyewe ilikanusha. Uvumi bado unatembea kwa sababu unawafaa wote wawili: mpenda usafi anapata msitu, na mwenye dhihaka anapata suti.

Fuata pesa mpaka mwisho wake

Geuza jalada. Alama ya ℗ inaonyesha mwenye haki ya rekodi yenyewe, na © mwenye haki ya picha na maandishi. Jina la bendi likiwa hapo, ni habari; likiwa la kampuni, ni habari pia. Lakini usiishie kwenye jina la lebo. Uliza fedha ziliingia wapi ndani ya albamu.

Cradle of Filth wa Uingereza walikuwa Sony kwa albamu moja, Damnation and a Day ya 2003. Shtaka jepesi ni kwamba wamenunuliwa. Kilichotoka ni nyimbo 17 za zaidi ya dakika 70, zenye okestra na kwaya ya Budapest. Mtu anaweza kuichukia albamu hiyo kwa kuwa imejaa kupita kiasi, na hatakosea sana. Kuiita mtego wa redio ni kutoisikiliza.

Uchache nao ni bidhaa. Nchini Ufaransa miaka ya 1990, kundi la bendi lililoitwa Les Légions Noires lilisambaza kanda chache sana, na uchache huo ndio uliozaa jina lao kubwa. Mtu akikuletea toleo la nakala chache kama cheti cha usafi, uliza kwa nini ni chache. Kunakili kanda ya dakika 40 kwenye dekki ya kawaida huchukua dakika 40. Kanda 50 ni zaidi ya saa 33 za kusubiri, kwa hiyo uchache wa namna hiyo unaeleweka. Santuri 300 hazithibitishi chochote, kwa sababu viwanda vingi havipokei kazi ndogo kuliko nakala 100 hadi 300. Na kanda inayouzwa tena na aliyekwisha kuinunua kwa mara kumi ya bei yake haimpi mwanamuziki hata senti. Anayefaidi ni mlanguzi, ambaye mara nyingi ndiye anayepiga kelele zaidi kuhusu usafi.

Fulana vilevile. Darkthrone hawapandi jukwaani tangu katikati ya miaka ya 1990, hivyo hawana mapato ya tiketi. Bendi isiyozuru hubaki na rekodi na bidhaa. Ukidai isizuru kwa sababu ziara ni biashara, kisha uikemee kwa fulana, unaidai ifanye kazi bure.

Yasiyohusu pesa wala sauti

Uhalifu usiingie kwenye mizani. Makanisa yalichomwa, na Euronymous aliuawa Agosti 1993. Kesi hizo zinathibitisha kwamba uhalifu ulitendeka, hazithibitishi ubora wa rifu (kipande cha gitaa kinachorudiwa) hata moja. Siasa za chuki za baadhi ya wanamuziki nazo zina mjadala wake, na ni mjadala wa lazima, ila zisitumike kama ushahidi kwamba fulani "hakujiuza".

Angalia pia lawama ya biashara inayoficha lawama nyingine. Deafheaven wa San Francisco walitoa Sunbather mwaka 2013, jalada la waridi, magitaa marefu yenye utamu, na wakaitwa wafanyabiashara mara moja. Lebo yao ilikuwa Deathwish, lebo huru iliyotoka kwenye mazingira ya hardcore, tawi kali la punk. Shtaka la pesa halikuwa na pa kushika. Kilichokuwa kikisemwa hasa ni kwamba hawa si wa ukoo wetu, na hiyo ni hoja ya mtindo: inajibiwa kwa kulinganisha rifu, midundo na maudhui. Ndivyo ilivyokuwa kwa Liturgy wa Brooklyn pia, baada ya insha ya 2009 ya kiongozi wao iliyodai kuipeleka black metal mahali papya. Waliokasirika walikasirishwa na insha. Risiti hawakuwa nazo.

Mpinzani akihama shtaka katikati, mwanzo sauti, ghafla lebo, halafu wasikilizaji, usimfuate. Mwambie lile la kwanza limefungwa kwa upande gani, aandike, ndipo mfungue la pili. Akikataa kulifunga, limefungwa kwa upande wako.