Kutumia kitenzi "steady" ukiwa na wageni mlimani

Vijana wanaojiandaa kuwa waongoza wageni hapa Moshi wengi hulikwepa neno hili, na mlimani Kilimanjaro linahitajika kila siku.

1. Tamka "stedi". Siyo "stidi".

2. Maumbo yake: steadies, steadied, steadying.

3. Tafuta kinachoyumba. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo twende taratibu. "Steady" ya "a steady pace" ni sifa tu, ndiyo polepole yetu. Likiwa kitenzi, maana yake ni kutuliza kitu kisiyumbe, na mara nyingi linataka kutaja kinachoyumba. Mgeni yuko Ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kupanda kwa mikono na miguu, mguu unatafuta pa kukanyaga: mwambie "Steady yourself on this rock", huku unaligusa jiwe lenyewe. Hilo "yourself" usiliache. Ukipaza sauti "Steady!" peke yake, atajua unamtahadharisha, ila hajui ashike wapi. Kambini Barafu, zaidi ya mita 4,600, upepo unatikisa hema na mpagazi amekamata nguzo: "He is steadying the pole."

Kitu kikitulia chenyewe, hutaji kingine: "Her breathing steadied." Lakini pumzi kutulia si kupona. Kwa hali ya mgonjwa, kwenye redio tumia "stabilised", na ulitumie kwa uangalifu mkubwa: maana yake hali haizidi kuwa mbaya, basi. Mgeni aliyeacha kutapika huku kichwa bado kinamgonga, taja vyote viwili, usimfunike kwa neno moja. Na anayepepesuka akitembea anashushwa mara moja, hata kama ni usiku. Hapo hakuna cha kuchagua neno.

4. Fanya mazoezi kwa mdomo. Programu za kutafsiri sizipendi kwa kazi hii, zinakupa neno bila sentensi. Chukua kamusi ya wanafunzi yenye mifano, andika sentensi zako daftarini, kisha mwite mwenzako asimame kwa mguu mmoja juu ya jiwe na wewe umwelekeze kwa Kiingereza mpaka atulie. Mbadilishane.

5. Mgeni wa Uingereza akikuambia "Steady on!", anakuomba upunguze kidogo, iwe mwendo au maneno. Punguza, kisha muulize kama anahitaji maji.