Kisu cha kukunja: kinavyokunjuka, kinavyojikaza na kinavyokwama

Ukichagua kisu cha kukunja pale Soko la Majengo, Dodoma, angalia mambo mawili: bapa linatolewaje kwenye mpini, na likishatoka linazuiwa na nini lisirudi vidoleni. Wanunuzi wengi huangalia la kwanza tu. Linaloleta mishono hospitali ni la pili.

Aina rahisi kabisa ina mfuo wa ukucha ubavuni mwa bapa. Unaingiza ukucha, unavuta, na springi ya mgongoni inabana kisigino cha bapa, yaani sehemu ya nyuma iliyo ndani ya mpini. Visu vingi vidogo vyekundu vya Victorinox viko hivi. Hakuna loki hapo, springi ndiyo kila kitu, kwa hiyo kata kwa kuvuta: vishada vya zabibu, kamba ya kiroba, chungwa. Usikitumie kutoboa dumu. Ncha ikigoma, bapa linajikunja juu ya vidole.

Opinel, kisu cha Savoie huko Ufaransa, hukunjuliwa vivyo hivyo, ila shingoni kina pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955. Kunjua, kisha zungusha pete hadi mpasuko wake usielekeane na bapa. Mpini ni wa mti, na hali ya hewa ya Dodoma huuonea: kiangazi hukauka bapa likalegea, na mvua za Desemba hadi Aprili huuvimbisha bapa likang'ang'ania ndani. Likikwama, zungusha pete ifunguke, kisha gonga kitako cha mpini kwenye meza mara mbili tatu. Bapa litachomoza kiasi cha kushikika. Kuvuta kwa koleo kunachimba bapa na kupasua mpini.

Okapi, aina nyingine ya kisu cha kukunja, nayo ina pete, lakini iko mgongoni na kazi yake ni nyingine. Ukikunjua, meno ya kisigino hulia kra-kra yakipita kwenye springi. Kukunja, vuta pete juu ili springi inyanyuke, ndipo urudishe bapa. Ukilazimisha bila kuvuta pete unayasaga meno hayo, na meno yakilika loki imekwisha.

Sasa visu vya mkono mmoja. Kimoja kina kinundu cha kidole gumba, kingine tundu la duara kwenye bapa, kingine kimkia kinachochungulia mgongoni. Kinundu na tundu husukumwa kwa gumba, kwa kuzungusha kuelekea nje. Kimkia hubonyezwa kwa kidole cha shahada kwa mkupuo mmoja. Watu hulalamika kuwa kimkia ni kigumu, kumbe vidole vingine vimekandamiza bamba la loki ubavuni, yaani kipande cha chuma kinachozuia bapa lililokunjuliwa lisirudi. Bamba hilo lina kigololi kidogo kinachoingia kwenye kishimo cha bapa ili kisu kisijifungue mfukoni. Ukilikandamiza, unazidi kukishindilia kigololi kishimoni. Hamisha vidole, kisu kitaruka chenyewe.

Kuna pia vyenye springi ya kusaidia: unaanza wewe, springi inamalizia. Vya kitufe hubonyezwa tu. Hivi viwili ndivyo vya kuogopa zaidi mfukoni, hasa visivyo na kizuizi cha usalama.

Kupima loki ya bamba, kunjua kisu utazame ndani ya mpini. Bamba liwe limeingia nyuma ya kisigino cha bapa kiasi cha robo hadi nusu ya unene wake. Likigusa ukingo tu, si la kuaminika. Likiwa limevuka hadi upande wa pili, limelika. Kisha weka mgongo wa bapa ukingoni mwa meza, vidole vikae nje ya njia ya makali, ukandamize taratibu. Lisitikisike.

Lakini hata loki nzuri hushindwa na vumbi letu jekundu. Likijaa kati ya bamba na kisigino, bamba haliingii sawasawa na bapa huteleza. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, ukikunja na kukunjua, kisha kausha kabisa. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, yaani pini ambayo bapa huizunguka, na ufute yanayozidi, maana mafuta mengi hukusanya vumbi zaidi. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Yakikaa huganda na kunata.

Bapa likiyumba kushoto na kulia, kaza skrubu ya ekseli kidogokidogo, si zaidi ya robo ya robo ya mzunguko kwa mara moja, ukijaribu kila hatua. Ukizidisha, kisu kinakuwa kizito kukunjua. Skrubu inayojilegeza yenyewe, ipake rangi ya kucha kidogo kwenye nyuzi zake. Gundi kali usiijaribu, ikivuja itashika na bapa. Kilichofungwa kwa ribiti hakina skrubu ya kukaza, na kukipiga nyundo kwa kawaida hukibana kupita kiasi.

Na ikiwa baada ya kusafisha loki bado inateleza, kifanye kisu cha kumenyea vitunguu, au kiache kabisa.