SOMO: Unaagiza tela jipya? Malizana na ekseli, rimu na tairi kwanza, rangi baadaye

Wakuu habari za kazi. Watu wengi wananiuliza kuhusu kuagiza semi tela jipya, kuna wanaochukua Superdoll hapa Dar, wengine Bhachu kule Kenya, wengine wanashusha CIMC kutoka China, na proforma (karatasi za bei kabla ya kununua) ninazotumiwa nizipitie zinafanana kitu kimoja. Mtu kabishania rangi, kabishania boksi la vyombo, kapunguziwa bei kidogo akafurahi, halafu ukifika kwenye mstari wa tairi pameandikwa "tairi 12 na spea 1" basi. Hakuna saizi, hakuna namba ya uzito, hakuna tarehe ya kutengenezwa. Na tairi ndiyo itakayokuwa inakula hela yako miaka yote utakayokuwa na hilo tela.

Somo hili ni la tela la ekseli tatu, flatibedi au la kontena, linalovutwa na kichwa cha 6x4, yaani chenye ekseli tatu na mbili za nyuma ndizo zinazovuta. Wenye tenki na loubedi mtachukua mengi humu ila sio yote.

Kabla ya hatua zenyewe shikeni hili: kuna vitu vinawekwa kiwandani tu, vikishachomelewa ndio basi, na kuna vitu unaweza kuongeza mwenyewe hata mwaka ukipita. Ekseli, upana wa ekseli, springi au mabegi ya upepo, kimo cha tela, kingpini (pini inayoshikanisha tela na kichwa), sehemu za kufungia kontena, hivyo ni vya kiwandani. Tenki la maji, boksi, turubai, taa za pembeni, hivyo fundi yeyote wa Tandale au Tabata anakuwekea siku yoyote. Hela ikiwa ya kubana ianze na vile vya kwanza.

HATUA YA 1: Njia na mzigo

Usianze na tairi, anza na unapokwenda. Tela la kubeba kontena Dar kwenda Kigali kupitia Rusumo, lami mwanzo mwisho, sio sawa na tela litakalopita Tunduma, likavuka Zambia, likaingia Kongo mpaka mgodini Kolwezi kuchukua shaba. Andika kwenye karatasi njia, mzigo wa kwenda, mzigo wa kurudi, na kichwa gani kitalivuta. Muuzaji asiyekuuliza haya ujue anakuuzia kilichopo yadi.

HATUA YA 2: Hesabu ya mizani

Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo huku kwetu ilianza kubana 2019, ekseli ya mbele ya kichwa inaruhusiwa tani 8, zile mbili za nyuma tani 18, na ekseli tatu za tela zenye tairi dabo (mbilimbili kila upande) tani 24. Jumla tani 50. Toa kichwa, tuseme tani 9. Toa tela. Likiwa na tani 7 na nusu unabaki na tani 33 na nusu za mzigo, likiwa na tani 9 unabaki na 32. Hiyo tani moja na nusu unaiacha yadi kila safari mpaka siku utakapouza tela, kwa hiyo uzito wa tela tupu uandikwe kwenye proforma, na siku ya kulichukua lipite mizani likiwa tupu kabla hujamaliza malipo.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaong'ang'ania ekseli za tani 16. Ukizigawa zile tani 24 kila ekseli inapata tani 8. Ekseli ya tani 12 au 13 ya kampuni nzuri kama BPW, SAF au Fuwa inatosha na inaacha akiba ya mashimo. Ile ya 16 ni chuma cha ziada unachokizungusha bure, na pale mizani ya Vigwaza hawaangalii ekseli imeandikwa nini, wanaangalia kilichokanyaga mizani.

HATUA YA 3: Tairi

Chukua tairi usome ubavuni. Tuseme imeandikwa 12R22.5 152/148L. Hiyo 152 maana yake tairi ikikaa peke yake inabeba kilo 3,550, na 148 maana yake ikikaa dabo kila moja inabeba kilo 3,150. L ni spidi, kilomita 120 kwa saa, na sisi malori mwisho ni 80 kwa hiyo hapo hakuna shida. Sasa zidisha 3,150 mara tairi 12, unapata kilo 37,800, wakati sheria inakuruhusu 24,000. Umeona? Hata 11R22.5 ya 148/145 ambayo dabo inabeba 2,900 bado inakupa kilo 34,800. Kwa mzigo halali tairi za tela hazipasuki kwa sababu ya udogo wa namba, zinapasuka kwa upepo mdogo, uzee, na ekseli zilizokaa upande. Kwa hiyo anayekwambia uongeze hela uchukue 315/80R22.5 "kwa ajili ya uzito" muulize uzito gani.

Sababu ya maana ya kuchukua 315/80 au 12R ni kufanana na kichwa chako, maana mkikwama porini spea moja inaokoa popote. Lakini angalia ubavuni kama kuna alama ya FRT. Tairi yenye FRT imetengenezwa kwa ajili ya ekseli inayoburuzwa tu, ni ya tela, usiivushe kwenye kichwa hata kama saizi inaingia vizuri.

Kashata ya tairi ya tela, yaani ile sehemu yenye michoro inayokanyaga lami, haina kazi ya kuvuta, kazi yake ni kuviringika na kuvumilia kusuguliwa pembeni wakati wa kukata kona. Kwa lami chukua mistari mirefu ya kuzunguka. Kwa mgodini na barabara za kokoto chukua yenye mpira mnene na ubavu mgumu. Zile za meno makubwa kama za tipa hazifai lami ndefu, zinapata moto.

Halafu tarehe. Mwisho wa yale maandishi ya DOT kuna tarakimu nne, 1825 ni wiki ya 18 ya mwaka 2025. Andikeni kwenye oda kabisa kwamba tairi isizidi miezi 12 siku ya kupokea tela, zote, na spea pia. Nimeona tela jipya linang'aa rangi limevalishwa tairi zilizokaa stoo miaka, na kwa sababu mkataba ulikuwa kimya mwenye tela hakuwa na pa kushika.

HATUA YA 4: Rimu, dabo au super single

Huu uamuzi ni wa kiwandani. 12R22.5 na 315/80 zinakaa kwenye rimu ya 9.00. 11R inakaa kwenye 8.25. Super single, yaani tairi moja pana badala ya dabo, ya 385/65R22.5 inataka rimu ya 11.75, na rimu hizo zipo za kina tofauti, ukibadilisha baadaye bila kuangalia upana wa ekseli tairi zinatokeza nje ya bodi au zinaingia ndani kwenye springi.

Super single ni nyepesi, tairi 6 badala ya 12, na hakuna habari ya tairi ya ndani kufichika. Ila sheria inaipa uzito mdogo kuliko dabo kwa sababu inakanyaga lami eneo dogo, zile tani 24 ni za dabo. Na ikipasuka huna mwenzake wa kukusogeza mpaka kijiji kinachofuata. Kwa njia zetu mimi ni wa dabo, super single nawaachia wenye tenki na mizigo myepesi inayojaza nafasi.

Kwenye dabo omba valvu ndefu za tairi za ndani zinazotokeza kwenye tundu la rimu ya nje. Ni kitu kidogo kwa bei lakini ndicho nitakachokisisitiza kuliko vyote humu. Nenda stendi yoyote ya malori uangalie utingo anavyokagua: anapita na chuma anagonga tairi za nje tuu tuu tuu, ya ndani anaigusa ubavu kidogo anapita. Mkono hauingii, na kwa sauti huwezi kutofautisha psi 110 na 75. Ya ndani ikipungua upepo ya nje inabeba zote mbili, ya ndani inapondwapondwa ubavu mpaka inapata moto, ukiteremka mlima Kitonga na breki nazo za moto ndio unasikia mlio. Valvu ikiwa nje dereva anaweka geji tairi zote 12 kwa dakika chache.

HATUA YA 5: Springi, breki, kingpini

Mabegi ya upepo yanagawa uzito vizuri kwenye ekseli zote tatu, hilo linasaidia mizani na linasaidia tairi. Springi za chuma zinavumilia mashimo na kila fundi anazijua. Lami tupu chukua mabegi, mgodini chukua springi.

Breki chukua dramu zenye slaki (vyuma vya kukaza breki lainingi ikiisha) za kujirekebisha zenyewe. Diski ni nzuri lakini lainingi za dramu unazipata mpaka Tunduma usiku wa manane. ABS weka, ila hakikisha kichwa chako kina soketi yake, bila hivyo ABS ya tela inakaa pale haifanyi kazi.

Kingpini nyingi huku ni ya inchi 2, ipo na ya 3.5, pima sahani ya kichwa chako, ile inayoshika kingpini, kwanza. Omba ya kufungwa kwa bolti, sio ya kuchomelewa, siku ikiliwa unabadilisha bila kukata bamba. Na upime kimo cha sahani kutoka chini, kichwa kikiwa kitupu na kikiwa na mzigo, uwapelekee kiwanda hizo namba. Tela likikaa limeinua pua, la springi hasa, ekseli ya mwisho inalemewa na tairi zake ndizo zinazoisha mapema.

HATUA YA 6: Siku ya kupokea

Nenda na futi ndefu ya chuma. Pima kutoka katikati ya kingpini mpaka ncha ya ekseli ya kwanza kulia, halafu kushoto. Tofauti ikizidi milimita 3 mwambie fundi wa kiwanda airekebishe hapohapo mbele yako. Kisha ekseli ya pili na ya tatu zipimwe kutoka ya kwanza, pande zote mbili. Ekseli ikikaa upande kidogo tu tela linatembea huku linaburuza tairi, ukipitisha kiganja kwenye kashata unasikia upande mmoja laini na ukirudisha mkono inakwaruza kama msumeno. Tairi mpya za bei mbaya zinaisha hivyo na lawama anabebeshwa dereva.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, sio bomba na watu wawili, halafu zirudiwe baada ya kilomita 50 mpaka 100 za kwanza ukiwa na mzigo. Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka kwa sababu tela ni jipya, na jipya ndilo linalolegea, rangi iliyo katikati ya rimu na habu inakandamizwa na nati inabaki na nafasi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mombasa: Kaka, mimi navuta Mombasa hadi Malaba na narudi empty mara nyingi. Hiyo ekseli ya kuinuka iko na maana ama ni kupoteza pesa?

Jibu: Kwa anayerudi mtupu ina maana ndugu yangu. Ekseli moja ikiinuka tairi nne hazigusi lami nusu ya safari zako. Lakini inataka mabegi ya upepo, ndio maana ni ya kuamua kiwandani. Ila ukiwa na mzigo ishushwe, ukifika mizani imeinuliwa uzito wote unasomeka kwenye ekseli mbili.

Mdau wa Makambako: Mkuu, tela jipya naweza kuanza na tairi za kuvisha (za zamani zilizowekwa kashata mpya) ili nipunguze gharama?

Jibu: Usianze nazo, anza na mpya zenye mwili mzuri halafu uje uzivishe wewe mwenyewe kashata ikiisha. Tairi uliyoitumia mwenyewe unajua kama iliwahi kutembea bila upepo, ya dukani hujui ilikotoka. Zikaguliwe ndani na nje kabla ya kuvishwa.

Mdau wa Lubumbashi: Fundi alitoa upepo kwa tairi katikati ya safari sababu geji ilipanda sana, ni sawa?

Jibu: Hapana. Upepo unapimwa tairi ikiwa ya baridi, asubuhi kabla ya kuondoka. Ikitembea juani presha inapanda na ndivyo inavyotakiwa. Ukiitoa ikiwa ya moto, kesho asubuhi ina upepo mdogo na utatembea nayo hivyohivyo.

Mdau wa Dar: Bosi, tairi moja ya dabo imekufa, nimenunua mpya nikaifunga na mwenzake iliyoisha nusu, kuna tatizo?

Jibu: Lipo. Ile mpya ni ndefu kwa hiyo ndiyo inabeba, na ile fupi inaburuzwa kwa sababu zote zinazunguka pamoja. Hamisha upate mbili zinazolingana. Lalisha rula ndefu iliyonyooka juu ya zote mbili, ukiona mwanga chini ya moja hazifai kukaa pamoja, labda iwe upana wa milimita chache tu.

Mdau wa Kahama: Je 12.00R20 za tyubu? Huku mafundi wanazijua zaidi.

Jibu: Kimo chake kinazidi cha 12R22.5 kwa karibu sentimita 4, kwa hiyo tela linainuka kama sentimita 2, inayolingana na 12R22.5 ni 11.00R20. Tena una tyubu, una flepu, una rimu ya pete, vitu vitatu vya ziada vya kuharibika, na ile pete ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua mtu, fundi asiijaze bila kizimba. Kwa tela jipya chukua tubeless, na nunua vifaa vya kuziba pancha umpe dereva awe navyo kwenye boksi.