Kwa nini kutwa mara tatu? Somo la namna dawa inavyofanya kazi mwilini

Kwenye bahasha ya dawa huandikwa maneno machache: kidonge kimoja kutwa mara tatu, kwa siku saba, baada ya kula. Kwa kuwa kutwa ni tangu asubuhi hadi jua kuchwa, wengi wetu humeza asubuhi, mchana na jioni, kisha hulala. Aliyeandika alikuwa na hesabu nyingine kichwani: siku ina saa 24, na ukizigawa kwa tatu unapata saa 8. Kwa dawa kama amoksisilini, ambayo nusu yake huondoka kwenye damu kwa muda wa takribani saa moja, tofauti hiyo si ndogo, kwani anayemeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni huwaachia bakteria saa 12 za usiku ambazo kwa sehemu kubwa hazina dawa ya kutosha.

Somo hili linakifuata kidonge hatua kwa hatua ili tujue kila neno la kwenye bahasha limetoka wapi. Elimu hiyo huitwa famakolojia, nayo huuliza maswali mawili: mwili unaifanyia nini dawa, na dawa inaufanyia nini mwili. Watu hupenda swali la pili. Mimi naanza na la kwanza, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona kwenye dirisha la dawa yalitokana nalo.

Hatua ya kwanza: dawa inaingia

Kidonge kilichomezwa bado hakijaingia mwilini kwa maana halisi, kwa kuwa kilichomo tumboni kiko nje ya damu mpaka kifyonzwe. Kwanza huvunjika na kuyeyuka, kisha dawa hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, ambao kwa urefu wake wa takribani mita 6 na mikunjo yake mingi ndio hufyonza sehemu kubwa ya dawa tunazomeza. Maji ya glasi nzima yana kazi yake hapa: doksisaikilini, dawa ya kuua bakteria, kwa mfano, ikinata kwenye umio huweza kuuchoma na kuacha kidonda.

Maneno "baada ya kula" na "kabla ya kula" yana sababu zinazotofautiana kwa kila dawa. Dawa mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini huliwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini huyeyuka kwenye mafuta na mtu mwenye tumbo tupu hufyonza kiasi kidogo sana. Kinyume chake, tetrasaikilini na siprofloksasini, ambazo nazo ni dawa za kuua bakteria, zikikutana na kalsiamu ya maziwa au na vidonge vya madini ya chuma hushikamana nayo na kuwa kitu ambacho utumbo haukifyonzi, hivyo mgonjwa humeza dozi kamili na kupata pungufu.

Kuna tembe zilizotengenezwa ziachie dawa taratibu kwa siku nzima, na hizo hazisagwi wala kutafunwa. Niliwahi kumhudumia mzee aliyekuwa akizisaga tembe zake za shinikizo la damu za aina hiyo, kwa sababu koo lilimsumbua. Dozi ya saa 24 ikawa inaingia kwa mkupuo mmoja: muda mfupi baada ya kumeza alipata kizunguzungu hadi kushika ukuta, na kila alfajiri shinikizo lilikuwa juu. Familia iliamini kwamba amepewa dawa feki. Tulipombadilishia dawa isiyo na tatizo hilo, malalamiko yakaisha.

Hatua ya pili: forodha ya ini

Damu itokayo kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupitia kwanza kwenye ini, ambalo hufanya kazi kama ofisi ya forodha: hukagua, hubadilisha, na mara nyingine huzuia mzigo karibu wote. Mofini, dawa ya maumivu makali, ikimezwa, sehemu inayofika salama kwenye mzunguko wa damu ni takribani theluthi moja au pungufu, na ndiyo sababu dozi yake ya kumeza ni kubwa kuliko ya sindano. Nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ingeharibiwa kwenye ini kiasi cha kutofaa, kwa hiyo huwekwa chini ya ulimi, ambako huingia kwenye mishipa isiyopitia ini na kuanza kazi ndani ya dakika chache. Mgonjwa anayeimeza kwa haraka ili "iwahi" anaichelewesha.

Hatua ya tatu: kusambaa

Hapa nitapita haraka. Dawa husafirishwa na damu kwenda kila mahali, si mahali panapouma tu. Kidonge cha kichwa hakijui kichwa kiko wapi. Sehemu ya dawa hushikwa na protini za damu, na sehemu iliyo huru ndiyo inayofanya kazi. Ubongo una kinga yake ambayo dawa nyingi haziivuki, na hilo linaeleza jambo ambalo wengi wamelishuhudia: klorofeniramini, dawa ya mzio ya zamani, huvuka na kuleta usingizi, ilhali loratadini huvuka kwa kiasi kidogo na mtu huendelea na shughuli zake.

Hatua ya nne: dawa inagusa kitu

Mwaka 1905 Mwingereza John Newport Langley alieleza kwamba lazima kuwe na kitu maalumu kwenye seli ambacho dawa hukishika ndipo itende. Leo vitu hivyo tunaviita vipokezi, na kazi yake ya kawaida ni kupokea ujumbe wa homoni na wa neva. Dawa haileti kazi mpya mwilini. Huongeza, hupunguza au huzuia kazi ambayo tayari ipo.

Kafeini ni mfano mzuri. Tangu tunapoamka, dutu iitwayo adenosini huongezeka kwenye ubongo, na kadiri inavyokaa kwenye vipokezi vyake ndivyo tunavyosikia usingizi. Kafeini hukikalia kiti cha adenosini bila kufanya kazi ya mwenye kiti. Uchovu haujaondolewa, umezuiliwa kutoa taarifa, na kafeini ikiondoka adenosini iliyokuwa inasubiri hukaa na usingizi hurudi kwa nguvu.

Dawa nyingine hufanya kinyume, hukaa kitini na kuamrisha. Salbutamoli hushika vipokezi vya aina ya beta vilivyo kwenye njia za hewa na kuzilegeza, hivyo mwenye pumu hupumua. Propranololi huzuia vipokezi vya jamii hiyohiyo, kwenye moyo na kwenye mapafu pia; ni dawa njema kwa mapigo ya moyo yaliyo kasi, lakini kwa mwenye pumu inaweza kuziba njia ya hewa. Swali "una pumu?" kabla ya kupewa dawa ya moyo linatoka hapa.

Si kila dawa hugusa kipokezi. Aspirini hushika kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kinachotengeneza prostaglandini, dutu zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Mwanasayansi Mwingereza John Vane alilionyesha jambo hilo mwaka 1971, na mwaka 1982 akawa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel. Jambo la kuvutia zaidi kwangu ni kwamba aspirini ikishika haiachii. Chembe sahani za damu, zinazosaidia damu kuganda, hazina kiini, haziwezi kuunda kimeng'enya kipya, hivyo zilizoguswa hubaki hivyo kwa siku 7 hadi 10 za uhai wake. Dawa yenyewe imeshaondoka zamani, lakini athari ipo, na daktari wa upasuaji atakuuliza juu ya aspirini uliyomeza wiki iliyopita.

Hatua ya tano: dawa inaondoka

Ini huibadilisha dawa iyeyuke vizuri kwenye maji, na figo huitoa kwa mkojo. Kasi ya kuondoka hupimwa kwa nusu-uhai, yaani muda unaotumika kiasi kilichomo kwenye damu kupungua kwa nusu. Kafeini kwa mtu mzima ni takribani saa 5. Chukua miligramu 100 zilizonywewa saa kumi jioni: saa tatu usiku zimebaki 50, saa nane usiku 25, na saa moja asubuhi bado kuna 12.5. Anayelalamika kwamba hapati usingizi mzito na ahesabu nyuma. Zikipita nusu-uhai tano hubaki takribani asilimia 3, nasi husema dawa imekwisha.

Hesabu hiyohiyo hueleza dawa mseto ya malaria. Artemetha hupiga kwa kasi na huondoka ndani ya saa chache. Lumefantrini hudumu kwa siku kadhaa na kumalizia vimelea vilivyobaki. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, hata kama saa hiyo ni ya usiku wa manane.

Parasetamoli inastahili aya yake. Ini hubadilisha sehemu kubwa yake kuwa vitu visivyo na madhara, na sehemu ndogo huwa sumu ambayo huzimwa papo hapo na akiba ya glutathioni, dutu ya mwili inayozima sumu. Dozi ikizidi, akiba huisha na sumu hushambulia seli za ini. Kinachotisha ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima. Kikomo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wanaokivuka bila kukusudia mara nyingi ni wale wanaochanganya parasetamoli na dawa ya mafua ambayo nayo ndani yake ina parasetamoli. Aliyezidisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri dalili, kwa sababu asetilisisteini, dawa inayorudisha akiba hiyo, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.

Hatua ya sita: dozi

Chini ya kiwango fulani dawa haifanyi kitu, juu ya kiwango kingine inadhuru, na nafasi iliyo katikati ndiyo tunayoitafuta. Kwa penisilini nafasi hiyo ni pana. Kwa digoksini (dawa ya moyo), lithiamu (dawa ya ugonjwa wa akili) na wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ni nyembamba, kwa hiyo wanaozitumia hupimwa damu mara kwa mara, na dawa nyingine ikiingia katikati hesabu huharibika: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kwa mfano, huliamsha ini livunje wafarini na vidonge vya uzazi wa mpango kwa kasi kuliko kawaida.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini sindano ina nguvu kuliko kidonge?*

Haina nguvu zaidi, ndugu yangu. Ina njia fupi zaidi. Sindano ya mshipani huruka hatua ya kwanza na ya pili, hivyo dawa hufika mapema na kwa ukamilifu. Ikishafika kwenye damu, molekuli ni ileile. Kwa mgonjwa asiyetapika na asiye mahututi, dawa inayofyonzwa vizuri utumboni hufanya kazi sawa ikimezwa, tena bila hatari za sindano.

*Nikisahau dozi moja, nimeze mbili ili kufidia?*

Hapana. Ukikumbuka mapema, meza uliyosahau. Ukikumbuka muda wa inayofuata umekaribia, iache na uendelee na ratiba. Dozi mbili kwa pamoja hazijazi pengo lililopita, hupandisha kilele cha sasa tu. Vidonge vya uzazi wa mpango, wafarini na insulini vina maelekezo yake, kwa hiyo hizo uliza kabla ya kuamua.

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu aliacha amlodipini siku mbili na presha ikabaki nzuri. Je, hakupona?*

Marahaba. Nusu-uhai ya amlodipini ni takribani saa 30 hadi 50. Siku mbili baada ya kuacha, theluthi moja hadi nusu ya dawa bado imo mwilini, kwa hiyo kipimo kile kilikuwa cha mtu aliye kwenye dawa. Mpime mama baada ya wiki mbili bila dawa na utaona jibu lingine, ila nakuomba usifanye jaribio hilo. Arudi kwenye dozi yake na azungumze na daktari wake.

*Dawa za mitishamba hazina kemikali, kwa hiyo zinaweza kuchanganywa na za hospitali?*

Mmea ni kiwanda cha kemikali. Mofini hutoka kwenye mpopi, kwinini kwenye gome la msinkona, na artemisinini, mama wa artemetha, kwenye mmea wa Artemisia annua. Ini halina mlango wa pembeni kwa vitu vya asili. Vyote hupita forodha ileile na huweza kugombania vimeng'enya vilevile. Tatizo jingine ni kwamba kwenye kikombe cha majani yaliyochemshwa hakuna anayejua miligramu ni ngapi. Mwambie mfamasia unachotumia. Akikukemea, mwambie hata hivyo.

*Mtoto wa miaka miwili nimkatie nusu ya kidonge cha mtu mzima?*

Usimkatie kwa kukisia. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa: ini na figo zake hufanya kazi kwa kasi tofauti kadiri anavyokua, na dozi yake huhesabiwa kwa uzito. Parasetamoli hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, hivyo mtoto wa kilo 12 hupata 120 hadi 180, wakati nusu ya kidonge cha 500 ni 250. Tumia dawa ya maji ya watoto na bomba la kupimia, usome kwenye chupa kila mililita 5 zina miligramu ngapi, kwa kuwa chupa hutofautiana. Aspirini usimpe kabisa bila agizo la daktari.