Mzee akifika 70: kurinyuu leseni ya kuendesha gari hapa Uingereza hatua kwa hatua (ni BURE jamani)

Asalam aleikum wote. Mwezi uliopita ami yangu kanipigia ananung'unika eti leseni yake imemla paundi 80, nikamwambia ami mbona ya wazee hailipiwi, kumbe kagugo akabonyeza iliyotokea juu kabisa na wale si DVLA (ofisi ya serikali ya leseni), ni watu tu wanakujazia fomu halafu wanakukata hela. Basi nimeona niandike hapa kabla hawajaliwa wengine.

Hatua ya 1. Geuza kadi yake, nyuma kuna safu ya 11, tazama mstari wa B ndo gari la kawaida, hapo utaona inaisha lini. Leseni inakatika mtu akifikisha 70, na baada ya hapo ni kila miaka 3. Hakuna mtihani wa barabarani, anajaza mwenyewe na kutangaza kwamba macho na afya viko sawa.

Hatua ya 2, msiiruke hii. Macho kabla ya fomu. Sheria inataka asome namba ya gari kutoka mita 20, na miwani kama anavaa, yaani kama urefu wa gari 5 zilizopaki zimefuatana. Mi nilimtoa ami nje na rasharasha ile ile, nikahesabu hatua, akaanza "B..." wakati mi naona 8. Moyo ukanilipuka. Kumbe miwani katoka nayo jikoni ina mafuta ya samaki, akaifutia kanzu akasoma zote mpaka za gari la nyuma yake. Lakini mwenye kubabaisha mpelekeni kwa daktari wa macho, kuanzia miaka 60 kipimo ni bure kwa NHS, huduma ya afya ya serikali.

Hatua ya 3. Siku 90 kabla ya birthday DVLA wanatuma fomu ya D46P nyumbani. Isipofika chukua fomu ya D1 posta. Rahisi zaidi ni kwenye GOV.UK yenyewe, tovuti ya serikali, andika anwani mwenyewe usigugo. Uwe na imeili, anwani alizokaa miaka 3 iliyopita, namba ya National Insurance, na paspoti ya Uingereza kama anabadilisha picha. Kwa intaneti ni kama wiki, kwa posta kama wiki 3. Ukiona sehemu inakuomba namba za kadi ya benki, toka hapo.

Hatua ya 4. Maradhi semeni ukweli. Kisukari cha insulini, kifafa, ugonjwa wa kusahau, presha ya macho iliyoshika macho yote mawili, hayo lazima wajue. Kuficha faini inafika paundi 1,000, na ajali ikitokea ndo balaa. Kusema si lazima wamnyang'anye, wanaweza kumuandikia daktari wake wakampa leseni ya muda mfupi.

Walioko Belfast, Ireland Kaskazini, nyie mna ofisi yenu ya leseni, DVA, hii ni ya huku.

MASWALI

*Fomu ikiwa bado iko Swansea kwa DVLA mzee anaruhusiwa kuendesha?*
Mara nyingi ndio, kuna kifungu cha 88 cha sheria ya barabara ya 1988, ilimradi kaomba, leseni aliyokuwa nayo ilikuwa halali, hajafungiwa na daktari hajamkataza.

*Sisi tunaenda Mombasa na leseni ya baba itaisha tukiwa huko, hicho kifungu kinafaa?*
Hapana dada, hicho ni cha huku huku, askari wa Mombasa hakimhusu. Ombeni mapema ndani ya zile siku 90, asafiri na mpya.

*Mzee wetu ndo anaendesha minibasi ya msikiti, alifaulu mtihani 1988. Itakuwaje?*
Hapa wengi wanateleza. Waliofaulu kabla ya 1/1/1997 walipewa na kundi la D1 la minibasi (si ile fomu ya D1), ila akifika 70 hiyo inaondoka asipoiomba kwa karatasi, fomu D2 pamoja na D4 inayojazwa na daktari, na daktari kwa kawaida anatoza. Mkirinyuu kwa intaneti mnabaki na gari ndogo tu. Ongeeni na kamati kwanza, labda kijana achukue usukani.

*Mama alipata kiharusi kidogo, kikapita siku ile ile.*
Pole sana. Asiguse gari mwezi mzima. Mwezi ukiisha amuone daktari, na kama kuna kilichobaki, mkono mzito au macho, DVLA waambiwe.

*Ami alirudishiwa zile 80?*
Wapi. Tumeandikia benki, wanasema watajibu. Leseni tuliomba upya wenyewe ikaja Jumanne, picha kanuna kama kalazimishwa.