Kofia ya kupandia farasi: inama utikise kichwa kabla hujafunga ukanda

Nimejifunza juzi Nungwi, kwa kijana anayetembeza wageni pwani kwa farasi. Ukipewa kofia ngumu, ivae ikae sawa juu ya nyusi, ukanda uache wazi. Inama, utikise kichwa. Ikidondoka au ikicheza, omba nyingine. Ikitulia, isukume kwa mkono: ngozi ya paji la uso lazima iende nayo. Hapo ndipo ufunge ukanda, ubakishe nafasi ya kidole tu chini ya kidevu. Kofia hukukinga kwa lile povu gumu la ndani, mfano wa boksi jeupe la samaki. Hubonyea badala ya fuvu. Ikihama, unaangukia kichwa kitupu, na maji yakishakupwa mchanga ule si godoro.

Kipimo hiki hudanganya ukiwa na fundo la nywele au ushungi wa mikunjo. Vaa mtandio mwepesi, bila pini. Hudanganya pia kwa kofia iliyokwishaanguka na mtu: povu limeshabonyea, nje inang'aa. Uliza, japo watakuona msumbufu.